Goti la Kukamulia

Zuurakan alipofumbua macho hospitalini, kitu cha kwanza alichouliza si maji, wala mwanawe, wala kama yu hai. Aliuliza, "Goti langu mmeliweka wapi?"

Daktari, kijana wa mjini mwenye miwani, akadhani dawa ya usingizi bado haijamtoka. Akamgusa bega. "Goti lako jipya liko hapo hapo, Bibi. La chuma. Limekaa vizuri kabisa."

"Sikuulizi la chuma. La chuma ni lako. Nakuuliza langu."

Daktari akamtazama Elzat, mkaza mwana wa bibi huyu, aliyekuwa ameketi kando ya kitanda na mfuko wa nguo mapajani. Elzat akainamisha uso asionekane anacheka. Yeye alijua. Kabla hawajaondoka nyumbani, mavyaa wake alikata kitambaa cheupe kipya, akakikunja, akakitia chini kabisa ya mfuko. Mifupa itakayokatwa ifungwe humo, irudishwe kwao bondeni Suusamyr, izikwe ubavuni pa marehemu mumewe. Mtu asije akafufuliwa siku ya Kiyama akaanza kuranda Bishkek nzima anatafuta goti.

"Vile vipande tulishavipeleka panapostahili," daktari akasema kwa upole.

"Panapostahili ndiyo wapi?"

Kijana wa watu akababaika. Akatazama karatasi zake, akatazama dirisha.

"Haya," akasema Zuurakan, akageuzia uso ukutani. "Mmemzika mtu nusu bila hata dua." Siku ile hakusema naye tena. Supu ilipoletwa akainywa yote, maana supu haikuwa na kosa.

Ndivyo alivyo, na wanaomjua hawashangai. Alizaliwa malishoni juu, ndani ya hema la sufu, mamake akiwa ametoka kukamua muda si mrefu. Watu husema kwa mzaha kwamba alizaliwa ameshika ndoo. Kusoma alisoma kidogo tu, jina lake na majina ya miezi, kisha shule ikafungwa kwa theluji na yeye hakurudi tena. Lakini farasi aliwajua. Farasi akipita nyuma ya hema usiku wa giza, Zuurakan kwa kusikia kwato tu atakwambia ni wa nani na amelishwa nini.

Na kazi yake maisha yote ilikuwa kukamua. Watu wa ng'ombe wasije wakadhani ni kazi ile ile. Ng'ombe unavuta kigoda unakaa, unapiga naye porojo. Farasi hakaliwi. Farasi hupigiwa goti. Goti moja chini kwenye majani, la pili juu, ndoo inaning'inia kwa kamba mkononi na kuegemea paja. Mkono mmoja unapita mbele ya mguu wake wa nyuma, mwingine unapita nyuma yake, unamkumbatia kama ndugu aliyerudi safari. Kisha unakamua mbio mbio, kwa kuwa farasi hana subira. Anashusha maziwa kidogo, anafunga. Jua likisogea kidogo unamrudia. Kutwa ni kupiga goti na kuinuka, kupiga goti na kuinuka, mpaka jioni, na maziwa yote yanakwenda kwenye kiriba cha ngozi kuchachuka yawe kimizi, ambacho bila hicho kwetu sisi kiangazi si kiangazi.

Kila mwanamke ana goti lake la kukamulia. La Zuurakan lilikuwa la kulia. Alilipiga chini tangu usichana, kwenye umande, kwenye mawe, kwenye mvua ya barafu, mpaka likaisha kama kisu kinavyoisha kwa kunolewa. Miaka ya mwisho akipiga goti lilikuwa linalia kwa sauti, na Toru, farasi wake jike mwekundu, alikuwa akigeuza sikio kusikiliza.

Huyo Toru naye mwache. Alimng'ata mchunga, alimpiga teke daktari wa mifugo, na ndoo alizobonyeza hazina hesabu. Alimkubali mtu mmoja tu. Na huyo mtu mmoja alijivunia hilo kuliko kitu chochote alichokuwa nacho duniani.

Kukamua farasi kuna mtu wa pili. Anamleta mtoto wa farasi anyonye kidogo, mamake ashushe maziwa, kisha anamvuta pembeni na kumshikilia hapo begani pa mamake wakati mwenzake anakamua. Hiyo ni kazi ya mwali, mke mgeni, asiyejua bado chumvi inakaa wapi. Zuurakan alipoolewa, mama mkwe wake alimshikisha watoto wa farasi mpaka viganja vikaota sugu, na hakumsifu hata siku moja. Basi naye alipopata mkaza mwana akamfanyia vivyo hivyo, akazidisha. Elzat aliingia nyumba ile, akazaa, akanyonyesha, watoto wake wakaanza shule, na bado anashika kamba ya mtoto wa farasi. Kila kiangazi anauliza, "Mama, nijaribu?" na kila kiangazi anajibiwa, "Kwani mimi nimekufa?"

Sasa daktari yule yule wa miwani, siku ya kuwaruhusu, aliwaita Elzat na mumewe Ularbek, akawaambia mbele ya bibi mwenyewe: atembee, apande ngazi, hata farasi atampanda baadaye, polepole. Ila kupiga hilo goti kwenye ardhi ngumu, asahau.

Zuurakan alisikia. Alikuwa anafunga kilemba chake, hakugeuka.

Njia nzima ya kurudi, kupanda ule mlima mpaka kushuka bondeni Suusamyr kulikojaa theluji, alitazama nje ya dirisha tu. Ularbek, mwanawe wa pekee, mtu mpole anayeendesha gari kana kwamba amebeba mayai, ndiye aliyeanza. "Mama, nimewaza. Mwaka huu tusiwafunge watoto wa farasi. Wanyonye tu. Wewe huwezi, Elzat hajui. Tupumzike mwaka mmoja."

"Na kiriba?"

"Kitundikwe kitupu tu."

"Kitundikwe," Zuurakan akarudia, kama mtu aliyeambiwa msiba.

Nyumbani wakamtandikia mahali pa heshima, mbali na mlango, mguu umenyooshwa juu ya mto. Hapo ndipo palipokuwa na mateso kuliko hata kisu. Kwetu mtu hanyooshi mguu mbele ya mkate. Hunyooshi mguu mbele ya mgeni. Ukinyoosha, umemtukana. Na goti jipya lilikuwa halikunjiki, lilivimba kama tikiti, na wageni ndio kwanza wanamiminika kumjulia hali, kila mmoja na maandazi yake na siagi yake, wanaketi kuzunguka kitambaa cha chakula, na unyayo wa Zuurakan unawatazama usoni. Akaufunika kwa shali. Ukaonekana mkubwa zaidi. Akaanza kukataa kula na watu, anasema ameshiba, kisha watu wakiondoka anamwita Elzat kwa kukohoa.

Rafiki yake Kalipa alikuja na kichupa cha mafuta aliyosema ni ya dubu. Hao wawili walikuwa mabinti pamoja, na tangu hapo kila mmoja anaishi ili mwenzake asipate raha.

"Mpake haya asubuhi na jioni," Kalipa akamwagiza Elzat. "Yanapenya mpaka mfupani."

"Mfupa wenyewe hana, Mama Kalipa. Ni chuma."

"Basi yatazuia kutu."

"Nitafanya, Mama," Elzat akasema kwa adabu, akakipokea kwa mikono miwili, na jioni akayapaka kwenye bawaba za mlango. Mlango uliokuwa ukilia tangu enzi za marehemu ukanyamaza.

Kalipa akanywa chai, akatafuna andazi, akautazama ule mguu chini ya shali. "Kwa hiyo ndiyo hivyo, shoga. Kiangazi hiki tutakunywa kimizi cha chupa. Kile cha dukani, cha kutoa povu puani."

"Nani kakwambia?"

"Mwanao kamwambia mwanangu. Hamfungi watoto wa farasi kamba mwaka huu."

Zuurakan alikuwa ameshika kipande cha mkate. Akakiinua mbele ya wageni wote. "Sikia, wewe Kalipa, na masikio yako hayo ya kuazima. Siku ya kwanza ya kufunga kamba, maziwa ya kwanza yatatoka mkononi mwangu. Nisipokamua mimi, Toru auzwe, na kiriba mkikate mshonee viatu."

Aliyeapa kwa kusema tu anaweza kusahau. Aliyeapa na mkate mkononi, kaapa. Ularbek, mlangoni, akafumba macho.

Kuanzia hapo mambo yakawa mawili tu: goti na kiangazi, lipi litafika kwanza.

Elzat ndiye aliyekuwa na simu yenye picha za mazoezi, na ndiye aliyeongea na dada mmoja wa hospitali wa kunyoosha viungo. Kila asubuhi baada ya chai akapiga magoti miguuni pa mavyaa wake na kuushika ule mguu.

"Kunja, Mama."

"Nimekunja."

"Hapo hujakunja. Hapo umelisalimia tu."

"Wewe binti una moyo wa mawe."

"Ndiyo, Mama. Kunja."

"Mama yako aliniambia wewe mpole. Alinidanganya mchana kweupe, na nikampa ng'ombe wawili."

"Mmoja alikuwa kilema, Mama. Bado kidogo. Hapo hapo. Shikilia."

Zuurakan alimtukana kwa matusi ya zamani ambayo Elzat mengine hakuyajua, akawa anauliza maana yake ili ayaweke akiba. Wakati mwingine bibi alilia, si kwa sauti, machozi tu yanatiririka huku mdomo unaendelea kutukana. Elzat akajifanya haoni. Akampangusia jasho na machozi pamoja kwa kitambaa kimoja, akasema, "Kesho tena."

Wakatembea uani, kwanza kwa magongo mawili, kisha gongo moja, kwenye njia ambayo Ularbek aliiondolea theluji mpaka ikaonekana ardhi. Mbwa aliwasindikiza nyuma kama askari. Siku goti lilipokunjika mpaka Zuurakan akaweza kuketi pembeni ya kitambaa cha chakula bila kumwonyesha mtu unyayo, alivuta bakuli lake akala pamoja na watu, akala mno, usiku tumbo likamsumbua.

Lakini kukunja ni kitu kimoja, kupiga goti ni kingine. Na hilo aliliogopa peke yake. Alilala akiwaza hema juu malishoni, wanawake wanatoka na ndoo, na yeye ameketi mahali pa heshima na mto mgongoni. Mtu asiyekamua hemani ni mgeni. Atapewa chai. Ataulizwa kama amelala vizuri. Atajibu, "Nimelala vizuri," na siku itakuwa imekwisha.

Alasiri moja, theluji ikiwa imeanza kuyeyuka na paa linadondoka, Elzat alikwenda stoo kuchukua unga akamkuta humo. Zuurakan alikuwa amening'inia kwenye magunia, mguu wa kulia umenyooshwa mbele, wa kushoto umekunjwa nusu, hashuki, hapandi.

"Mama! Unafanya nini?"

"Natafuta panya."

Elzat akamshika kwapani, akamketisha juu ya gunia. Wote wawili walikuwa wanahema.

"Daktari alisema usipige hilo goti," akasema Elzat.

"Sikupiga hilo. Nilikuwa napiga la pili."

"La kushoto? Hujawahi kukamua kwa la kushoto."

"Nitaanza. Uzee ni wakati mzuri wa kujifunza, hukusikia redioni?"

Elzat hakucheka safari hii. Akafungua gunia, akafunga, akalifungua tena. "Mama, si unifundishe mimi? Unifundishe tu. Hutahitaji kuvunjika."

"Kukamua hakufundishwi. Kunaonwa."

"Nimeona miaka yote hii! Nimesimama na kamba ile mpaka nimeota ndoto za mkia wa farasi. Unataka nione nini tena?"

Zuurakan akajibu neno ambalo halikumpendeza hata yeye: "Toru hatakukubali. Toru ni wangu."

"Najua ni wako," Elzat akasema, akachota unga wake akatoka. Siku mbili tatu zile mazoezi yalifanywa bila matusi upande wowote, na nyumba ikawa baridi kuliko uani.

Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, wanasema. Lakini mkaidi ana jambo moja zuri: haachi. Kila Elzat alipotoka, Zuurakan aliingia stoo na kujifunza goti la kushoto, akishikilia magunia. Elzat alijua. Akawa anatoka mapema kidogo na kurudi akimfokea mbwa tangu getini, mtu apate muda wa kuinuka. Na asubuhi moja Zuurakan alikuta ardhi ya stoo imetandikwa sufu nene, iliyokunjwa mara nne. Hakuuliza nani kaiweka.

Majani yalipoota wakapanda malishoni. Ularbek hakuwa na la kusema tena, mkate ulishasema. Zuurakan alikaa mbele kwenye lori, kiriba mapajani kama mjukuu. Hema likasimamishwa, moshi ukapanda, na siku ya kufunga kamba ikaja ya jua kali na upepo mwembamba kutoka kwenye barafu.

Majirani wa mahema yote walikuja. Kamba ndefu ilitandazwa kwenye majani, vigingi vikapigwa, vikapakwa siagi ili kiangazi kiwe laini. Watoto wa farasi wakakamatwa na kufungwa mmoja mmoja, wanalia, na mama zao wanakuja mbio kutoka kilimani wanajibu. Mzee mmoja akaomba dua. Wanawake wakatandika maandazi. Kalipa akachagua mahali pa kukaa ambapo ataona vizuri.

Zuurakan akatoka hemani na ndoo. Kilemba cheupe, kizibao kipya, gongo. Elzat alikuwa kwa Toru, amemshika mtoto wa farasi huyo kwa kamba. Chini ya kwapa amebana ile sufu iliyokunjwa.

"Mama, weka hii chini."

"Farasi hakamuliwi kwa mto."

"Ni ya goti tu."

"Watu wanaangalia. Iondoe."

Mtoto wa farasi akanyonya, Toru akalegea, akashusha maziwa. Elzat akamvuta mtoto pembeni. Zuurakan akaacha gongo lianguke, akaegemeza mkono ubavuni pa Toru, upande wa kushoto, upande ambao farasi hukamuliwa tangu dunia iumbwe, akashuka. Goti la kushoto likagusa majani. La chuma likabaki juu, limekunjika, linatetemeka. Amefika chini! Watu wakasema, "Aah."

Lakini ukibadilisha goti, mwili wote umebadilika. Bega linaloegemea ubavu si lile, kichwa kimekaa kwingine, mkono unaotangulia si ule. Toru akahisi vidole vinatoka mahali ambapo havijawahi kutoka. Masikio yakalala nyuma. Hakupiga teke, hilo naye alijizuia. Alifanya kitu kibaya zaidi. Alipiga hatua tatu mbele, akaondoka.

Zuurakan akabaki amepiga goti katikati ya uwanja, ndoo mkononi, amekumbatia hewa.

Kisha sauti ya Kalipa ikapanda kutoka kwenye maandazi: "Shoga! Kama unaswali, kibla kiko huku!"

Watu wakapasuka kwa kicheko, hata yule mzee wa dua. Ularbek akakimbia kumwinua mamake.

"Ukinigusa nakulaani," Zuurakan akasema kwa sauti ya chini, na Ularbek akasimama kama amegonga ukuta. Bibi akajaribu kuinuka mwenyewe. Mguu wa chuma ulikataa kusukuma. Akajaribu tena. Akaangalia majani mbele yake, na kidevu chake kikaanza kucheza, na Elzat, ambaye alimwona mwanamke huyu analia mara nyingi kuliko mtu yeyote aliye hai, akakiona kidevu kile.

Elzat hakumwendea. Aliivuta kamba, akamwongoza mtoto wa farasi azunguke nyuma ya mavyaa wake, atokee upande wa pili, akamsimamisha pale. Toru alipomwona mtoto wake anaondoka akageuka, akamfuata polepole, akapita mbele ya Zuurakan, akasimama pua yake ikiwa mgongoni mwa mwanawe. Na hapo ubavu wake uliomkabili bibi ulikuwa ule wa kulia.

"Umebadilisha goti, Mama," Elzat akasema. "Basi na farasi abadilishe upande."

"Farasi hakamuliwi kulia," akasema mzee wa dua.

"Nani kasema?" Zuurakan akauliza, hajageuza hata kichwa.

Mzee akafikiri. "Imekuwa hivyo siku zote."

"Basi kunywa chai yako."

Akapitisha mikono. Bega likapata mahali pake. Kichwa kikaegemea pale pale kilipozoea kuegemea, ila ni ubavu mwingine. Toru akatetemeka ngozi nzima. "Tulia, mwizi wewe," Zuurakan akamwambia. "Tulia, mla nguo za watu, mama yako alikuwa mchoyo na bibi yako alikuwa mchoyo, nani alikutegemea wewe? Tulia, roho yangu." Hayo ndiyo aliyomwambia kila siku ya maisha yake, na alipokuwa hospitali Elzat alikwenda zizini jioni jioni kumwambia hayo hayo ili asisahau, jambo ambalo Zuurakan halijui mpaka leo. Sikio moja la Toru likarudi mbele. Kisha la pili. Maziwa yakagonga ndoo.

Alikamua mpaka mwisho. Hata Kalipa aliacha kutafuna.

"Ularbek," Zuurakan akaita alipomaliza, "sasa njoo uniinue. Taratibu. Mimi si gunia."

Ndoo ikapita mkono kwa mkono, kila mtu akaichungulia akaibariki, na Kalipa akaibariki pia, ingawa kwa kunung'unika kwamba si nyingi.

Lakini farasi, kama nilivyosema, hana subira. Wageni hawajamaliza nyama, jua limesogea kidogo tu, viwele vimejaa tena. Wanawake wakasimama na ndoo. Zuurakan naye akasimama. Goti la kushoto lilikuwa linawaka, la kulia linavuta, kiuno hakisemeki. Akatembea mpaka kwenye kamba, akatazama mstari mzima wa watoto wa farasi waliofungwa, akatazama kilima na mama zao wanashuka, na akajua kuna leo jioni, na kesho, na kiangazi kizima mbele yake.

Elzat alikwisha mfungua mtoto wa Toru, amemshika, anasubiri.

"Lete," akasema Zuurakan.

"Nilete nini, Mama?"

"Kamba hiyo. Lete. Wewe shika ndoo."

Elzat hakusogea. "Mama, kumshika mtoto ni kazi ya mwali."

"Basi leo mimi ndiye mwali. Unanionaje, sipendezi?"

Elzat akampa kamba kwa mikono miwili, akapokea ndoo kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa umeiva hadi masikioni. Akamsogelea Toru, akasita. "Nipige goti lipi?"

"Goti ni lako, unaniuliza mimi? Piga linalokuja." Kisha kabla mwenzake hajashuka, "Ngoja. Ile sufu yako iko wapi?"

"Hemani."

"Kailete. Ukiyaharibu magoti yako mapema kama mimi, nani atanikunja mguu?"

Elzat akakimbia, akarudi, akaitandika, akapiga goti. Toru akageuza shingo kumtazama nani huyu. Zuurakan akamvuta mtoto wa farasi mpaka pua yake ikagusa bega la mamake. Alikuwa amesahau nguvu za viumbe hawa. Mtoto wa farasi akamvuta huku na huku; bibi akajikita kwa gongo, akamtukana. Akamtukana na Toru, tusi moja moja, kwa mpangilio wa kila siku, ili sauti iwe ile ile hata kama mikono ni mingine.

"Usimbane kama unakamua nguo! Polepole. Usimwangalie, ukimwangalia anaona aibu. Weka kichwa. Kichwa chako kina kazi gani hapo juu? Kiegemeze. Sasa mvute."

"Hatoi, Mama."

"Atatoa. Mwambie mwizi."

"Tulia, mwizi wewe," Elzat akasema ubavuni pa farasi.

"Kwa nguvu! Ana heshima yake, mtukane vizuri."

Ikatoka kidogo. Ikakata. Ikatoka tena. Toru alipofunga na kuondoka, ndoo ilikuwa na maziwa ya kufunika kitako tu. Zuurakan akaichungulia.

"Paka akitapika anazidi hapa," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Jioni utamrudia."

"Ndiyo, Mama."

Akaichukua ndoo, akachechemea nayo mpaka hemani, Elzat nyuma yake hathubutu kumsaidia. Kiriba kilikuwa kimetundikwa upande wa kulia wa mlango, na maziwa ya asubuhi yamo ndani. Zuurakan akafungua mdomo wa kiriba, akamimina ya Elzat juu ya yake hadi tone la mwisho, akaisuuza ndoo kwa maji kidogo na hayo nayo akayamimina. Akashika mchi wa mti, akaanza kupekecha. Kutoka nje akasikia Kalipa anauliza kama kuna mtu atammiminia mgeni chai au kila mtu amekuwa bibi mwenye goti.

"Nenda kamnyamazishe," akamwambia Elzat. "Kisha urudi upokee mchi huu. Mkono wangu umechoka."